Tundu Ni Moja, Chaja Ni Mia: USB-C, Wati na Hesabu za Pawabenki

Chaja imeandikwa wati 65. Waya unaingia barabara. Simu yenyewe inasifiwa kwa kuchaji haraka. Unachomeka, nusu saa inapita, na asilimia zimepanda kwa kusuasua. Wengi wakifika hapo hulaumu betri, au husema chaja ni feki. Huenda ni feki kweli, lakini mara nyingi kila kifaa hapo ni kizima. Havijaelewana tu.

Mkanganyiko umezidi tangu zitoke habari za "chaja moja kwa wote". Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria kwamba kuanzia 28 Desemba 2024 simu, tableti, kamera, hedifoni, spika za kubeba na vifaa vingine vidogo vinavyouzwa huko viwe na tundu la USB-C. Laptopu zikapewa muda hadi 28 Aprili 2026. Apple haikusubiri tarehe: iPhone 15, iliyotoka Septemba 2023, iliachana na tundu la Lightning lililokuwapo tangu 2012. Na kwa kuwa kampuni hazipendi kutengeneza simu ya aina mbili, moja ya Ulaya na nyingine ya kwingine, mabadiliko hayo yametufikia wote.

Watu walichosikia ni kwamba sasa chaja yoyote na waya wowote vitafanya kazi ileile. Sheria haikuahidi hivyo. Ililazimisha umbo la tundu, na ikataka vifaa vinavyochaji kwa kasi vielewe utaratibu mmoja wa pamoja. Kinachopita ndani ya waya, na kwa kiasi gani, bado kinategemea vitu vitatu: chaja, waya na kifaa chenyewe. Kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kinachoamua.

Nikiri mapema kwamba mimi ni shabiki wa USB-C. Droo isiyo na chaja sita za matundu sita ni maendeleo. Lakini waliotuletea umbo moja walituachia kazi ya kusoma maandishi madogo, na hawakutuambia.

Volti, ampea, wati

Bila maneno haya matatu huwezi kwenda mbali, na si magumu. Fikiria bomba la maji linalojaza ndoo. Volti ni msukumo wa maji. Ampea ni wingi wa maji yanayopita. Ukizidisha volti kwa ampea unapata wati, yaani kasi ya ndoo kujaa. Halafu kuna wati-saa, ambayo haihusu kasi hata kidogo: hiyo ni ukubwa wa ndoo. Wati utaikuta kwenye chaja, wati-saa kwenye betri.

USB ilipoanza mwaka 1996, kazi yake ilikuwa kuunganisha vitu kama kipanya na kibodi kwenye kompyuta. Tundu la kawaida la USB 2.0 linatoa volti 5 na nusu ampea, yaani wati 2.5. USB-C ilipotangazwa mwaka 2014 mambo yalibadilika, na tangu 2021 viwango vyake vinaruhusu hadi wati 240. Hiyo ni tofauti ya karibu mara 100, na vyote vinaitwa USB. Ndiyo maana anayekuambia "nina chaja ya USB" hajakueleza kitu bado.

Sasa ichukue chaja uigeuze. Tumboni kuna maandishi ya kijivu juu ya plastiki nyeupe, madogo mpaka unalazimika kuyapiga picha ili uyakuze. Tafuta palipoandikwa Output. Kwenye chaja ya wati 65 utakuta safu ya namna hii: 5V 3A, 9V 3A, 15V 3A, 20V 3.25A. Zidisha kila jozi: wati 15, 27, 45, 65. Hizo 65 zinapatikana kwenye volti 20 tu, na volti 20 ni za laptopu. Simu nyingi huomba volti 9 au karibu na hapo, kwa hiyo chaja hiyohiyo ya wati 65 kwa simu yako inaweza kuwa ya wati 27. Hakuna aliyekudanganya. Walichapisha tarakimu kubwa mbele na maelezo nyuma.

Chaja haisukumi

Hofu ya kwamba chaja ya laptopu itaunguza simu ni ya kueleweka, lakini inatokana na kudhani chaja inamwaga umeme wake wote kwa chochote kilichochomekwa. Sivyo. Ukichomeka waya wa USB-C, kwanza chaja huhakikisha kwamba kweli kuna kifaa upande wa pili, kisha hutoa volti 5, ambazo kila kifaa cha USB kinazimudu. Baada ya hapo yanafuata mazungumzo mafupi. Chaja inataja orodha yake, ileile uliyoisoma tumboni. Simu inachagua mstari unaoifaa na kuomba. Chaja inakubali na kupandisha volti. Yote hayo huisha kabla hujaondoa mkono kwenye waya. Utaratibu huu unaitwa Power Delivery, kwa kifupi PD, na ndio ambao sheria ya Ulaya imeufanya wa pamoja.

Kwa hiyo chaja ya wati 100 iliyotengenezwa vizuri haiidhuru simu inayohitaji 20. Simu itachukua 20. Kinyume chake pia hakina madhara: ukiichomeka laptopu kwenye chaja ya simu, itachaji polepole sana, au itakuandikia ujumbe wa kulalamika, au itakataa kabisa, lakini haitaharibika.

Tatizo linaanzia kwenye kampuni zilizokuwa na lugha zao kabla ya PD kuenea, na ambazo hadi leo zinazipenda. OPPO wana VOOC, Huawei wana SuperCharge, na wengine wana majina yao. Simu ya namna hiyo inaweza kuwa na uwezo wa wati 67 au zaidi, lakini kwa chaja ya kampuni yake na mara nyingi waya wake pia. Ukiipa chaja nzuri kabisa ya kampuni nyingine, zitarudi kwenye lugha wanayoijua wote wawili, na hapo kasi inashuka. Samsung wao wanatumia PD, ila kwa kasi yao ya juu wanataka tawi lake linaloitwa PPS, ambalo linairuhusu simu kuomba volti kwa hatua ndogondogo badala ya kuruka kutoka 5 hadi 9. Chaja ya wati 65 isiyo na PPS inaweza kushindwa na chaja ya wati 25 iliyo nayo. Herufi hizo tatu, PPS, ziko tumboni palepale. Mwenye simu ya Samsung azitafute kabla ya kulipa.

Halafu kuna chaja zenye matundu mawili au matatu. Ile 65 iliyoandikwa mbele ni ya tundu moja likiwa peke yake. Ukichomeka kifaa cha pili, chaja hugawa, pengine 45 kwa hiki na 20 kwa kile. Utaona hata alama ya chaji kwenye skrini ya simu inazima sekunde moja na kurudi pale mtu anapochomeka hedifoni zake pembeni. Si kwamba chaja inakufa. Mazungumzo yameanza upya kwa kuwa kuna mgeni mezani.

Na mwisho wa yote ni betri yenyewe. Betri za lithiamu hupokea umeme mwingi zikiwa karibu tupu na hupunguza kadiri zinavyojaa. Tangazo linalosema nusu betri ndani ya dakika chache linazungumzia nusu ya kwanza. Asilimia 20 za mwisho hutembea kwa miguu, hata uwe na chaja ya aina gani.

Waya, mshukiwa anayesahaulika

Kama ningeruhusiwa kurekebisha kitu kimoja tu kwenye biashara hii yote, ningelazimisha kila waya wa USB-C uandikwe uwezo wake kwenye kichwa chake kwa herufi zinazosomeka. Nyaya mbili zinaweza kufanana kwa rangi, unene na urefu, na moja ikawa na uwezo mara nne ya nyingine.

Waya wa kawaida wa USB-C wenye vichwa viwili vinavyofanana unabeba ampea 3. Kwa volti 20 hiyo ni wati 60, na hapo ndipo mwisho wake. Ili kuzidi, waya lazima ubebe ampea 5, na waya wa ampea 5 una chipu ndogo ndani ya kichwa chake inayoiambia chaja, "mimi ninaweza." Chaja isiposikia sauti hiyo haivuki ampea 3. Ni hatua ya usalama, na ni nzuri. Matokeo yake ni kwamba ukinunua chaja ya wati 100 kwa ajili ya laptopu na kutumia waya uliokuja na simu, umenunua chaja ya wati 60.

Kuchaji ni kazi moja ya waya, kupeleka data ni nyingine, na hizi mbili hazitegemeani. Kuna nyaya nene za wati 240 ambazo kwenye data ziko kwenye kasi ya USB 2.0, megabiti 480 kwa sekunde, kiwango cha mwaka 2000. Nyingine zinafika gigabiti 40 au 80. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo faili la gigabaiti 10 kwa megabiti 480 linachukua karibu dakika 3 kwa hesabu ya karatasi. Kwa gigabiti 10 linachukua sekunde 8. Tundu la simu nalo lina neno lake: iPhone 15 ya kawaida ina USB-C lakini kasi yake ni ileile ya megabiti 480, wakati 15 Pro inafika gigabiti 10. Umbo ni lilelile, na mnunuzi akitazama hawezi kujua.

Je, waya mbovu unaweza kuua kifaa? Unaweza, ingawa si jambo la kila siku. Benson Leung, mhandisi wa Google, alijipa kazi mwaka 2015 ya kununua nyaya za USB-C mtandaoni na kuzipima moja moja. Februari 2016 akakutana na mmoja ambao ndani yake nyaya za umeme zilikuwa zimeunganishwa kinyume. Alipouchomeka, laptopu yake ya Chromebook Pixel na vifaa vya kupimia viliharibika. Tangu siku zile viwango vimekazwa na nyaya za ovyo zimepungua, lakini ndiyo sababu sioni ajabu mtu akilipa zaidi kidogo kwa waya wa kampuni inayojulikana. Kwenye chaja na waya ubahili una hatari yake. Kwenye kava ya simu, bana matumizi utakavyo.

Kuna kisa kimoja kidogo kinachowachanganya watu kweli. Una tochi, mashine ya kunyolea au spika ndogo yenye tundu la USB-C. Ukiichomeka kwa waya wake mfupi wenye kichwa cha zamani, kile bapa cha mstatili, inachaji. Ukitumia chaja mpya na waya wenye vichwa viwili vya USB-C, kimya, hata taa haiwaki. Kumbuka kwamba chaja ya USB-C haitoi umeme mpaka ihisi kuna kifaa. Kifaa hujitambulisha kwa vipande viwili vidogo mno vya rezista, yaani vizuizi vya umeme, kila kimoja cha omu 5,100, vya bei ya kutupa. Mtengenezaji amebana matumizi akaviacha. Chaja inaona hewa tupu, inabaki imelala. Chaja za kichwa cha mstatili haziulizi kitu, ndiyo maana waya wa zamani unafanya kazi. Kwa hiyo usiitupe tochi. Tunza tu ule waya wake mbaya.

Pawabenki ya 20,000 na simu ya 5,000

Hapa ndipo hesabu ya darasani inapoangusha watu. Pawabenki imeandikwa mAh 20,000, simu ina betri ya mAh 5,000, kwa hiyo itajaza mara nne. Ukijaribu, unapata mara tatu, ukiwa na bahati mara tatu na kidogo, na unaanza kumshuku muuzaji.

mAh ni miliampea-saa, na inaacha nje kitu muhimu: volti. Zile 20,000 zimehesabiwa kwa volti za seli zilizo ndani ya pawabenki, ambazo kwa kawaida ni 3.7. Miliampea-saa 20,000 ni ampea-saa 20. Zidisha 20 kwa 3.7 upate wati-saa 74. Huo ndio ukubwa halisi wa ndoo. Lakini waya hautoki na volti 3.7, unatoka na 5 au 9, kwa hiyo pawabenki inabidi ipandishe volti, na umeme ukipandishwa, mwingine unapotea kama joto. Simu nayo inazishusha tena ili kujaza betri yake, na hapo pia kuna joto. Ndiyo maana vyote viwili vinakuwa vya moto mkononi. Betri ya simu ya mAh 5,000 ina takriban wati-saa 19. Ukitoa kilichopotea njiani, 74 inagawanyika kwa simu hiyo mara tatu hivi. Hujaibiwa.

Watengenezaji waaminifu huandika mistari miwili: uwezo wa seli, na chini yake uwezo unaotoka kwa volti 5, ambao kwa pawabenki ya 20,000 huwa karibu na 12,000. Ukikuta mstari wa pili, ni dalili njema. Ukikuta kidude cha ukubwa wa kiganja, chepesi kama biskuti, kimeandikwa 50,000, hapo shuku kwa nguvu zote. Seli za lithiamu zina uzito, na hakuna namna ya kuukwepa.

Wati-saa zinakuwa muhimu zaidi ukifika uwanja wa ndege. Kanuni za usafiri wa anga zinataka pawabenki ibebwe mkononi, kamwe isiwekwe kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege, na kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Kati ya 100 na 160 unahitaji idhini ya shirika la ndege. Kwa volti 3.7, wati-saa 100 ni takriban mAh 27,000, na hiyo ndiyo sababu utaona pawabenki nyingi kubwa zinaishia hapo.

Kanuni hizo zimekazwa karibuni. Tarehe 28 Januari 2025 ndege ya Air Busan iliwaka moto ikiwa bado ardhini kwenye uwanja wa Gimhae, Korea Kusini. Wote waliokuwamo walitoka wakiwa hai, lakini ndege iliteketea, na wachunguzi walisema huenda chanzo kilikuwa pawabenki kwenye sehemu ya mizigo ya juu. Kuanzia 1 Machi mwaka huo Korea Kusini ilikataza kuziweka huko juu. Singapore Airlines ilikataza kuzitumia ndani ya ndege kuanzia 1 Aprili, na Emirates ikafuata 1 Oktoba. Kuna wanaoona huo ni usumbufu tu. Mimi naona una mantiki: pawabenki ikianza kufuka moshi mfukoni kwako, utaijua sekunde ileile; ikiwa juu ndani ya begi chini ya mabegi mengine, utaijua umechelewa. Pawabenki isiyoandikwa kitu, iliyofutika maandishi yake, inaweza kuzuiwa na wakaguzi kwa sababu hawana namna ya kujua ukubwa wake. Usibandike stika juu ya maandishi hayo.

Imani za zamani kuhusu betri

Ile ya kuacha simu iishe kabisa ndipo uichaji ilikuwa na msingi wake, ila ilihusu betri za nikeli na kadmiamu. Betri za lithiamu, ambazo Sony ilianza kuziuza mwaka 1991, hazipendi kufika sifuri. Zichaji wakati wowote, hata kidogo kidogo.

Kuchaji usiku kucha hakuilipui simu nzima yenye chaja nzima, kwa sababu simu hukata ikijaa. Kinachochosha betri ni kukaa asilimia 100 kwa saa nyingi huku ikiwa na joto, na ndiyo maana simu nyingi sasa zina mpangilio wa kusimama kwenye 80 au kusubiri mpaka karibu na muda unaoamka. Uwashe, usahau. Simu chini ya mto ni habari nyingine: huko joto halina pa kwenda.

Kuchaji kwa kasi nako kunasingiziwa zaidi ya kiasi. Adui ni joto, si kasi, na simu hupunguza umeme yenyewe ikipata joto. Kucheza gemu zito huku inachaji juani kunaichosha betri kuliko chaja ya wati 45 kwenye meza ya kivulini.

Na pawabenki au simu ikivimba, yaani kioo kinainuka au plastiki inatuna pembeni, hapo hakuna mjadala. Usiichaji, usiibonyeze, usiitoboe "itoe hewa", maana hewa hiyo inawaka. Iweke mahali pasipo na kitu cha kushika moto, mbali na unapolala, kisha ipeleke kwa wanaopokea betri mbovu. Pipa la taka za kawaida si mahali pake: gari la taka hukandamiza kila kilichomo.